Maradhi ya akili si hukumu ya ukoo

Kabla ya kupokea au kutoa mahari, familia nyingi hapa nchini hutuma watu wachunguze ukoo wa mchumba. Mojawapo ya maswali yanayoulizwa ni iwapo kuna mtu katika ukoo huo aliyewahi kuugua maradhi ya akili. Jibu likiwa ndiyo, huenda posa ikaishia hapo.

Hofu hiyo ina chanzo chake. Baadhi ya maradhi ya akili, kama vile skizofrenia, hutokea zaidi katika familia fulani kuliko nyingine. Hata hivyo, kurithi peke yake hakuelezi kila kitu. Mapacha wa kufanana huzaliwa na jeni zilezile, lakini mmoja wao akipatwa na skizofrenia, mara nyingi mwenzake hapatwi.

Je, kinachowatofautisha ni nini? Sehemu ya jibu imo katika elimu iitwayo epijenetiki, jina lililobuniwa na mwanasayansi Mwingereza Conrad Waddington mwaka wa 1942.

Swichi za jeni

Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya seli za mwili. Seli ya ubongo na seli ya ini zina maagizo sawa, ila kila moja husoma yale inayoyahitaji na kuyafunga mengine. Njia mojawapo ya kuyafunga ni chembe ndogo za kemikali ziitwazo methili, ambazo hujibandika kwenye jeni. Zikijaa mahali jeni inapoanzia kusomwa, kwa kawaida jeni hiyo hunyamaza.

Ni kama nyumba yenye taa katika kila chumba. Waya ni zilezile, lakini swichi nyingine zimewashwa na nyingine zimezimwa.

Panya wa Montreal

Mwaka wa 2004, Michael Meaney, Moshe Szyf na wenzao wa Chuo Kikuu cha McGill, nchini Kanada, walichapisha uchunguzi kuhusu panya. Baadhi ya panya huwalamba watoto wao sana, na wengine huwalamba kidogo tu. Watoto waliolambwa kidogo hukua wakiwa waoga na wepesi wa kushtuka.

Katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, jeni moja ya watoto hao ilikuwa imebandikwa methili nyingi. Jeni hiyo hutengeneza vipokezi vya homoni inayotolewa mwilini wakati wa hatari. Vipokezi hivyo husaidia kuutuliza mwili hatari inapopita. Vikiwa vichache, hofu huchukua muda mrefu kuisha.

Watoto wa panya wasiopenda kulamba walipolelewa na panya walambaji, alama zao zilifuata za mama mlezi. Kwa hivyo, chanzo hakikuwa damu ya ukoo bali malezi. Isitoshe, alama hizo zilibadilika panya waliokomaa walipotiwa dawa fulani ubongoni.

Mwaka wa 2009, watafiti wa chuo hicho walichunguza ubongo wa watu 36 waliokuwa wamefariki. Watu 12 walijiua na walikuwa wamedhulumiwa utotoni, 12 walijiua bila kuwa na historia hiyo, na 12 walifariki kwa sababu nyingine. Waliodhulumiwa ndio waliokuwa na methili zaidi kwenye jeni ya aina hiyo hiyo.

Tahadhari

Watu hao walikuwa wachache, na uchunguzi huo hauthibitishi kwamba kila anayeteswa utotoni ataugua. Wengi hukua wakiwa wazima. Vilevile, hakuna kipimo cha damu cha alama hizi ambacho daktari anaweza kukitegemea kutambua maradhi ya akili. Ukiuziwa kipimo kama hicho, okoa pesa zako.

Wala mama asibebeshwe lawama zote. Ugomvi wa wazazi, vipigo na njaa humuumiza mtoto pia, na hayo ni jukumu la nyumba nzima.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kumbeba mtoto mchanga, kumkumbatia na kuzungumza naye si kumdekeza. Mtoto anayedhulumiwa aondolewe kwenye dhuluma mapema, hata kama mdhulumu ni jamaa.

Kwa aliyekwisha kuugua, matumaini yapo. Dawa na ushauri nasaha huwasaidia wengi kurudi kazini na kuishi na familia zao. Huduma hizo hupatikana katika Hospitali ya Mathari jijini Nairobi na katika hospitali kubwa za kaunti.

Ukiona mtu wako amejitenga, hapati usingizi, amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda au anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, mpeleke akaonwe na daktari. Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.