Tairi la baiskeli ya gia: limeisha au bado? Jua kabla hujatupia tangazo

Wengi humu tunauza baiskeli za gia zilizotumika, wengine matairi peke yake, na swali la kwanza inboksi ni lilelile: "Boss, tairi bado zima?" Usijibu "bado kali" kwa sababu aliyekuletea mzigo kasema hivyo. Hapa Isikizya mteja hanunui baiskeli ya kufanyia mazoezi. Kesho yake anafunga gunia la mkaa kwenye keria, anaelekea Tabora mjini. Wapagazi wa misafara ya zamani walibeba kama kilo 30 kila mmoja, baiskeli ya leo inapakiwa mara mbili ya hapo na zaidi. Tairi likipasuka kwenye mteremko na mzigo ule, anaumia mtu.

Kinachodanganya ni kashata za pembeni. Tairi la nyuma ndo linabeba uzito mwingi na ndo linasukuma, kwahiyo linaisha mapema kuliko la mbele, tena linaanza kuisha katikati. Ukilipiga picha ubavuni, kashata zinaonekana zimesimama kama jipya, kumbe katikati ni kipara. Pindua baiskeli magurudumu juu, uliangalie uso kwa uso. Kashata za katikati zikishuka chini ya nusu ya zile za pembeni, mimi naliita limechoka. Kwenye lami bado litatembea, ila kwenye mchanga wa huku kwetu na tope la masika litateleza. Tairi la gari lina alama ndani ya mifereji zinazokuonyesha mwisho wake. Ya baiskeli za gia mengi hayana, jicho lako ndo kipimo.

Lakini tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa la kutupa. Angalia nyuzi. Chini ya mpira kuna nyuzi, na hizo ndo zinazuia upepo usipasue tairi. Zikichungulia, hata sehemu ndogo kama sarafu, hapo hakuna mjadala, usiliuze. Jaza upepo, zungusha gurudumu taratibu. Ukiona mahali pametuna, au tairi linayumba wakati rimu imenyooka, ujue nyuzi zimekatika kwa ndani au tairi halijakaa vizuri kwenye rimu. Toa upepo, likalishe upya, ujaze tena. Likirudia, limekwisha.

Halafu kuna nyufa. Hizi ni za matairi yaliyokaa sana stoo au kuning'inizwa juani mbele ya duka (na wauzaji tunapenda sana kuning'iniza!). Libonyeze ubavuni kwa vidole. Nyufa za juujuu mwambie mteja na upunguze bei. Zikifunguka ukaona nyuzi, tupa.

Pancha peke yake isikutishe, miiba ipo mingi na haichagui tairi jipya. Zikifuatana, vua tairi upitishe kitambaa kwa ndani, mara nyingi utakuta mwiba umebaki humo. Ila ukikuta fundi kaweka kipande cha tairi kuukuu kuziba tundu, hiyo ni ya kumfikisha mtu nyumbani, siyo ya kuuzia.

Mteja akiwa na hela ya tairi moja tu, mshauri jipya likae mbele, lile la mbele kama bado zima lihamie nyuma. Gurudumu la nyuma likiteleza unaweza kulimudu, la mbele likiteleza uko chini.

Kwenye tangazo piga picha tatu: katikati ya tairi, ubavu, na maandishi ya saizi. Hiyo ya saizi wengi wanairuka, halafu mzigo unarudishwa. 26x1.95 na 26x1 3/8 zote zinaitwa "26" lakini haziingiliani. Angalia namba nyingine pembeni yake: ya kwanza inaishia na 559, ya pili 590. Ile 28x1½ ya baiskeli zetu za kawaida ni 635.

Maneno yawe hivi: "Tairi 26x1.95 (50-559), limetumika, kashata katikati zimebaki nusu, halina nyuzi wala uvimbe, nyufa ndogo ubavu mmoja." Ukilituma kwa basi, usimwache kondakta alikunje kwa nguvu, waya wa ukingoni ukivunjika halitashika rimu tena.