Je, Laana ya Mababu Yaweza Kuifuata Ndoa?



Mwezi huu twaingia katika jambo ambalo wengi hulinong'ona jikoni lakini hawalitaji mbele ya padre. Chukua mfano huu. Kijana wa Mitunguu, ambaye wazazi wake waliteremka kutoka Imenti ya juu kuja kulima ndizi za kunyweshwa maji, amependana na msichana wa Tharaka. Wote wawili ni Wakatoliki, wamemaliza mafundisho, na siku ya kupeleka posa imepangwa. Ndipo babu anauliza jina la ukoo wa msichana. Ananyamaza kidogo, kisha anasema: "Hao ni gichiaro chetu. Mkioana, watoto hawatakaa." Basi, posa imesimama. Hakuna anayethubutu kumjibu mzee, na hakuna anayejua la kufanya.

Sisi hatumcheki babu huyo. Kwanza tuelewe anachosema. Gichiaro ni undugu wa kiapo uliofungwa zamani kati ya koo mbili, au hata kati ya jamii nzima, ili watu wasiuane tena na wasaidiane wakati wa njaa. Neno lenyewe latokana na kuzaa, yaani waliofunga agano hilo walihesabiwa kama waliozaliwa pamoja. Ndugu wa gichiaro hakunyimwa alichoomba, hakudanganywa, hakudhulumiwa. Na kwa kuwa mtu haoi dada yake, watu wa gichiaro hawakuoana. Aliyevunja mwiko alitazamiwa kupata msiba, yeye au uzao wake. Hapakuwa na polisi wala gereza. Hofu ya laana ndiyo iliyolinda amani. Lilikuwa agano la hekima, na Mkristo wa Meru hana sababu ya kulionea haya.

Ziko laana nyingine zinazotajwa siku za posa. Kuna neno la mzazi aliyekufa akiwa na uchungu na mwanawe. Kuna kiapo cha nthenge, yaani beberu, ambacho wazee wa Njuri Ncheke wamekitumia hasa katika kesi za mashamba: anayeapa kwa uongo hujiitia maangamizi, naye huaminiwa kuyavuta hadi kwa jamaa zake. Kwa hiyo utasikia, "Pale msioe, babu yao alikula nthenge."

Wala wazo hili si la Mlima Kenya peke yake. Wanajimu wa India wana jina lake, pitru dosha, yaani dosari ya mababu. Hutazama nyota za siku ya kuzaliwa, na wakiona Jua limekaa pamoja na kile wanachokiita Rahu, wengi wao husema mtu huyo amebeba deni la wazee wake, na ndiyo maana anachelewa kuoa au hapati mtoto. Dawa yao ni sadaka kwa wafu, hasa katika ile nusu ya mwezi waliyoitenga kwa ajili ya mababu. Tofauti na kwetu ni kwamba mzee wa Imenti hukutajia tendo na ukoo, lakini mnajimu hukutajia nyota tu. Nyota haiwezi kuulizwa maswali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2116, inakataa kabisa kutafuta mambo yaliyofichika kwa unajimu na uaguzi. Msiwapelekee fedha zenu watu hao, wala wale wanaobandika matangazo yao kwenye nguzo za stima.

Sasa, Biblia inasema nini? Wengi hukimbilia kitabu cha Kutoka, sura ya 20, panaposemwa kwamba Mungu hupatiliza uovu wa baba kwa wana hadi kizazi cha tatu na cha nne. Wasomapo hapo hufunga kitabu. Wangeendelea mstari mmoja tu wangekuta kwamba rehema yake huwafikia maelfu. Pia tukumbuke jinsi watu wa wakati ule walivyoishi: babu, mwana, mjukuu na kitukuu katika boma moja. Mwenye boma akiabudu sanamu au akila mali ya watu, vizazi vyote vitatu au vinne vilionja matunda ya ubaya wake angali hai.

Baadaye Waisraeli walipochukuliwa mateka Babeli, walianza kulalamika kwamba wanalipa madeni ya baba zao. Walikuwa na methali yao juu ya wazazi waliokula zabibu mbichi, na watoto ndio wanaoumwa meno. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, aliipiga marufuku. Anaeleza kwa urefu habari za baba mwema, mwana mwovu na mjukuu mwema, kana kwamba yuko barazani anaamua kesi: kila mmoja atajibu kwa matendo yake mwenyewe. Naye Bwana wetu alipoulizwa juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa, kama ni yeye aliyetenda dhambi au ni wazazi wake, alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake (Yn 9).

Msomaji mmoja makini atauliza: Je, dhambi ya asili si ya kurithi? Naam, twairithi. Lakini Katekisimu, namba 405, yafundisha kwamba kwa mzao wa Adamu hiyo si kosa alilotenda yeye mwenyewe; na ubatizo huiondoa. Ikiwa maji ya ubatizo yameondoa ile ya Adamu, yatashindwa na ya babu yako wa tatu?

Jambo hili limeleta mchanganyiko hata ndani ya Kanisa. Mwaka 1982 daktari Mwingereza, Kenneth McAll, alitoa kitabu juu ya kuuponya mti wa ukoo, na fikra hizo zikaenea katika vikundi vya maombi duniani. Watu wakawa wanaandika majina ya mababu na dhambi zao ili wakatiwe minyororo. Maaskofu wa Poland walikataza Misa na ibada za namna hiyo mwaka 2015, na maaskofu wa Hispania wakatoa onyo lao mwaka 2024. Kuwaombea marehemu wetu ni wajibu mtakatifu. Kuwageuza kuwa watuhumiwa wa kila homa inayoingia nyumbani ni jambo jingine kabisa.

Turudi kwa vijana wetu wawili. Sheria ya Kanisa inakataza ndoa za watu wa damu moja. Katika mstari wa pembeni katazo linafika daraja la nne (kanuni 1091). Hesabu yake ni rahisi: hesabu watu wa pande zote mbili, umwache babu mliyetoka kwake. Mimi na baba yangu ni wawili, binamu yangu na baba yake ni wawili, jumla nne. Tumezuiwa, isipokuwa Askofu atoe ruhusa. Na hata akiitoa, Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 nayo inawataja binamu kati ya wasioweza kuoana, ikiwaachia Waislamu peke yao. Watoto wa mabinamu hao ni daraja la sita, hivyo Kanisa haliwazuii. Undugu wa kisheria wa mtoto aliyeasiliwa nao huzuia ndoa. Undugu wa gichiaro haumo katika makatazo hayo. Mbele ya altare, kijana wa Mitunguu na msichana wa Tharaka wako huru.

Lakini kuwa huru hakutoshi. Nawashauri wamwendee babu, si kubishana naye, bali kumwuliza. Agano lilifungwa na nani? Kulitokea nini? Mara nyingine nyuma ya neno "laana" utakuta deni halisi: mpaka wa shamba uliosogezwa, au ruracio ambayo haikukamilika, mtamba akabaki ahadi na mtungi wa asali haukufika. Hapo msikimbilie maombi ya kukata minyororo. Mali ya watu hurudishwa. Katekisimu, namba 2412, inadai malipo kwa aliyedhulumiwa. Wajukuu hawana hatia ya wizi wa babu, lakini ikiwa wanavuna ndizi juu ya ardhi ya mwingine nao wanajua, hilo sasa ni lao.

Je, mbuzi achinjwe? Kula pamoja kwa upatanisho, wazee wakawabariki vijana, ni vizuri, na Mungu awajaze baraka. Kunyunyiziwa yaliyomo tumboni mwa mbuzi ili mababu waiachilie ndoa, hilo Mkristo asikubali. Mwelezeni mzee kwa adabu, ikiwezekana mkiwa na katekista anayeijua Kimeru ya wazee.

Hatari kubwa naiona baadaye, wakati harusi imekwisha. Mwaka wa kwanza mimba inaharibika. Mama mkwe hasemi kitu, anatazama tu. Ya pili ikiharibika, anasema, "Tuliwaambia." Tangu siku hiyo mume anaanza kumwona mke wake kama mkosi, na mke anaanza kujiona hivyo. Nimeona ndoa zikifa kwa sababu ya sentensi hiyo moja kuliko kwa ulevi. Enyi waume, hapo ndipo kazi yenu ilipo. Simama mbele ya mama yako, kwa heshima, useme kwamba huyu ni mke wako na msiba ni wenu wote wawili. Kisha nendeni hospitali pamoja, si mke peke yake. Malaria huharibu mimba. Damu ya mama ikiwa ni Rhesus hasi na ya mtoto ni chanya, mimba zinazofuata huweza kuwa hatarini, na kuna sindano ya kuzuia jambo hilo, ambayo hutolewa kwa wakati wake. Hata ugonjwa wa selimundu, ambao kweli hurithiwa, hutoka kwa wazazi wote wawili, wala hauulizi ukoo gani uliapa nini.

Na ikiwa wazazi wamekataa katakata? Msitoroke usiku. Mwoneni paroko mapema, kabla tangazo la kwanza halijasomwa kanisani, na mmweleze yote, pamoja na neno gichiaro. Aende nyumbani kwa babu yeye mwenyewe, au amtume mzee wa jumuiya ndogo ndogo anayeheshimiwa pande zote mbili. Wazazi nao wajue kwamba ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa itokayo nje haisimami (kanuni 1103). Kwa hiyo kumtisha binti kwa laana ili aolewe na mwingine waliyemchagua wao ni kumfungisha ndoa ambayo mahakama ya Kanisa yaweza kuitamka batili. Wakati mnangoja, andaeni vyeti vya ubatizo vipya, vya karibuni; vile vya zamani vilivyokunjwa sandukuni paroko hatavipokea.