Mitaa ya Waendao kwa Miguu: Sayansi ya Kupanga Katikati ya Mji

Kila safari ya mjini huanza kwa miguu na humalizika kwa miguu. Abiria wa daladala hutembea mpaka kituoni, na akisha kushuka hutembea mpaka dukani, ofisini au shuleni. Hata mwenye gari, akisha kuliegesha, huwa mwenda kwa miguu kama wengine. Hata hivyo, katika miji mingi ya dunia mtu huyu ndiye aliyefikiriwa mwisho wakati ramani za mitaa zilipochorwa. Gari lilipewa nafasi kwanza. Mtembea kwa miguu akapewa kilichobaki, na mara nyingine hakikubaki kitu.

Matokeo yake si usumbufu peke yake. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani ulimwenguni, na kati yao kiasi cha 274,000 walikuwa wakienda kwa miguu. Hao ni karibu mtu mmoja katika kila watu wanne waliokufa. Makala haya yanaeleza kanuni chache za fizikia, hesabu na jiografia ambazo humwezesha mpangaji wa mji kuifanya mitaa ya katikati iwe salama na ya kupendeza kwa mwenda kwa miguu. Kanuni hizo zimo katika masomo ya sekondari. Lililo geni ni kuzitumia barabarani.

KASI NA UHAI

Umbali ambao gari husafiri kabla ya kusimama una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni umbali unaokwendwa wakati dereva anatambua hatari na kuupeleka mguu kwenye breki. Sehemu ya pili ni umbali unaokwendwa breki zikisha kushika. Ichukuliwe kwamba dereva anahitaji sekunde 1 ili kutambua hatari, na kwamba juu ya lami kavu breki hupunguza kasi kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde. Matokeo yatakuwa haya:

Kasi ya kilomita 30 kwa saa: mita 8.3 kabla ya breki, mita 5.0 baada ya breki. Jumla mita 13.3.

Kasi ya kilomita 50 kwa saa: mita 13.9 kabla ya breki, mita 13.8 baada ya breki. Jumla mita 27.7.

Kasi ya kilomita 60 kwa saa: mita 16.7 kabla ya breki, mita 19.8 baada ya breki. Jumla mita 36.5.

Mambo mawili hayana budi kuangaliwa. Kwanza, kasi ikizidi mara mbili, umbali wa breki huzidi mara nne, kwa sababu nishati mwendo hufuata kipeo cha pili cha kasi. Pili, mtoto akitokea ghafula umbali wa mita 13.5 mbele ya gari, dereva aendaye kilomita 30 kwa saa atasimama kabla ya kumfikia. Dereva aendaye kilomita 50 kwa saa atakuwa bado hajagusa breki. Atamgonga kwa kasi yote aliyokuwa nayo.

Ukali wa pigo hilo unaweza kulinganishwa na kuanguka kutoka juu. Kitu kinachoanguka kutoka kimo cha mita 3.5 hufika chini kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa. Ili kifike kwa kilomita 50 kwa saa hapana budi kianguke kutoka karibu mita 10, yaani kimo cha ghorofa ya tatu. Sheria ya Tanzania imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa kasi ya mwisho katika maeneo ya makazi. Hesabu hii yaonyesha kwa nini wapangaji wengi wa miji hutaka mitaa iliyojaa watu iwe na kilomita 30 tu, na tena kasi hiyo ilindwe na umbo la barabara lenyewe: matuta, njia nyembamba za magari na kona zenye mzingo mkali. Kibao husomwa na anayetaka kukisoma. Tuta halimwachi mtu apite bila ya kulitii.

NAFASI YA BARABARA

Watu husema kwamba mtaa ukinyang'anywa magari, mji utakwama. Jambo hili linaweza kupimwa. Uchukuliwe ukanda wa barabara wenye upana wa mita 3. Magari yakifuatana kwa tofauti ya sekunde 2, yatapita magari 1,800 kwa saa. Lakini mjini kuna taa, na taa ikiwa ya kijani kwa nusu ya muda, yatabaki magari 900. Kila gari likiwa na watu 1.5 kwa wastani, ukanda huo utapitisha watu 1,350 kwa saa.

Ukanda ule ule wakipewa waendao kwa miguu, kila mtu akiwa na eneo la mita 2 za mraba, nao wakienda kwa kasi ya mita 1.2 kwa sekunde, watapita watu 6,480 kwa saa. Hata wakisimamishwa na taa kwa nusu ya muda, watapita 3,240, ambao ni zaidi ya mara mbili ya wale waliomo magarini. Ni kweli kwamba gari huenda mbali na mguu huenda karibu. Kwa hiyo hesabu hii haifai kwa barabara kuu itokayo nje ya mji. Lakini katikati ya mji, ambapo safari nyingi ni za mita mia chache, miguu ndiyo njia inayotumia ardhi kwa uangalifu zaidi.

VITALU NA VIVUKO

Mwandishi wa Marekani Jane Jacobs, katika kitabu alichokitoa mwaka 1961 kuhusu miji mikubwa ya nchi yake, alieleza kwamba mitaa yenye vitalu vifupi huwa na uhai kuliko yenye vitalu virefu. Sababu yake ni ya kijiometria. Pawepo kitalu cha majengo chenye mita 200 kwa kila upande. Mtu aliye katikati ya upande mmoja, akitaka kufika katikati ya upande wa pili, atazunguka mita 400. Kikipasuliwa kichochoro katikati, safari itakuwa mita 200, nao muda utapungua kutoka dakika tano na nusu hadi chini ya dakika tatu. Aidha, kila njia mpya huongeza kona, na kona ndiyo mahali pa duka, pa muuza magazeti na pa watu kukutana.

Vivuko navyo vina hesabu yake. Barabara ya mita 14 huvukwa kwa sekunde 12 na mtu mzima mwenye afya. Mzee aendaye mita 0.8 kwa sekunde huhitaji karibu sekunde 18. Katika muda huo gari la kilomita 50 kwa saa husafiri kiasi cha mita 240, umbali ambao jicho la mzee haliwezi kuukadiria vyema. Kijengwapo kisiwa katikati ya barabara, mzee huyo huvuka kwa awamu mbili, na kila mara huangalia upande mmoja tu.

KIVULI

Katika nchi za joto, mtaa usio na kivuli ni mtaa usiopitika mchana. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, nalo jua la adhuhuri huwa juu kabisa ya kichwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Wakati huo kuta hazitoi kivuli. Ni mti, baraza na kibambaza cha duka vinavyoweza kumkinga mpitaji. Lakini asubuhi na alasiri mwelekeo wa mtaa ni jambo kubwa. Jua likiwa nyuzi 45 kutoka upeo wa macho, urefu wa kivuli ni sawa na kimo cha jengo. Hivyo nyumba ya mita 12 itaufunika kwa kivuli mtaa wa mita 10 unaoelekea kaskazini na kusini. Mtaa unaoelekea mashariki na magharibi hupigwa na jua kwa urefu wake wote.

Wajenzi wa kale wa pwani walilijua jambo hili bila ya vitabu. Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja na vya Lamu ni vyembamba, kuta zake ni ndefu, na mpitaji hutembea kivulini kwa sehemu kubwa ya siku. Mti nao hufanya zaidi ya kuzuia mwanga. Kila lita ya maji inayogeuka mvuke kutoka majanini huchukua kiasi cha jouli milioni 2.4 za joto, joto ambalo lingebaki katika lami na kuta.

MIJI MIWILI ILIYOJARIBU

Mwezi Novemba 1962, mji wa Copenhagen nchini Denmark uliifunga kwa magari, kwa majaribio, njia yake kuu ya maduka iitwayo Strøget, yenye urefu wa kilomita 1.1. Wenye maduka walipinga sana, wakihofu kwamba wateja watakimbia. Haikuwa hivyo, mwaka 1964 njia hiyo ikafanywa kuwa ya miguu moja kwa moja. Msanifu majengo Jan Gehl alianza kuwahesabu watu waliopita, waliosimama na walioketi, kama vile wahandisi wahesabuvyo magari. Kutokana na hesabu hizo mji uliendelea hatua kwa hatua: eneo lisilo na magari lililokuwa mita za mraba 15,800 mwaka 1962 lilikaribia 100,000 kufikia mwisho wa karne, na maegesho ya katikati yakapunguzwa kidogo kidogo kila mwaka. Polepole hiyo iliwapa watu nafasi ya kubadili mazoea.

Mji wa Kigali, Rwanda, uliifunga kwa magari sehemu ya barabara moja ya katikati mwaka 2015. Kwa miaka kadhaa mahali hapo palibaki lami tupu yenye jua kali, na wafanyabiashara walilalamika kwamba wateja wamepungua. Baadaye pakawekwa miti, viti, taa na vibanda, pakafunguliwa upya mwaka 2022, na watu wakaanza kukaa. Funzo la Kigali ni kubwa: kuliondoa gari ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kumpa mtu sababu ya kuja na mahali pa kupumzika.

DAR ES SALAAM

Jiji la Dar es Salaam, lenye watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022, lina mtaji ambao miji mingi haina. Mitaa ya Kariakoo ilichorwa kwa mistari iliyonyooka tangu zama za Wajerumani, na vitalu vyake ni vifupi. Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza mwaka 2016, huwashusha watu katikati ya mji bila ya gari la kuegesha. Upungufu umo katika yale yanayofanyika juu ya ardhi hiyo: njia ya miguu inapoanza hukatika, gari huegeshwa juu yake, mfereji huachwa wazi, na mpitaji hushuka barabarani.

Suala gumu zaidi ni la machinga. Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kandokando ya barabara nyingi za jiji na kuelekezwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Ni haki ya mpitaji kupata njia; lakini machinga hufuata miguu ya watu kama nyuki afuatavyo maua, na riziki yake imo katika msongamano huo huo. Mpango wa kisayansi hupima upana wa mtaa, hutenga kwanza ukanda wa kupita, kisha hutenga ukanda wa kuuzia unaojulikana mipaka yake. Nafasi hiyo mara nyingi hupatikana kwa kuondoa safu moja ya magari yaliyoegeshwa.

Kwamba mambo madogo huokoa watoto kumethibitishwa katika jiji hilo hilo. Shirika la Amend liliweka matuta, njia za miguu na vivuko karibu na shule za msingi zilizokuwa na hatari kubwa, na majeruhi miongoni mwa wanafunzi wakapungua kwa kiasi cha robo. Mpango huo ulipewa tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Vifaa vyake vilikuwa saruji, rangi na vigingi.

KAZI NA MASWALI

1. Chagueni mtaa mmoja karibu na shule. Kwa muda wa dakika 15, kundi moja lihesabu watu waendao kwa miguu na kundi la pili lihesabu watu waliomo katika magari. Pimeni upana uliotengewa kila upande. Je, ardhi imegawanywa kwa kadiri ya watu?

2. Pimeni mita 50 kando ya barabara, mkisimama mbali na magari, na kwa saa ya mkononi tafuteni kasi ya magari 20. Ni mangapi yanayozidi kilomita 50 kwa saa?

3. Lami ikiwa imelowa, breki hupunguza kasi kwa mita 4 tu kwa sekunde katika kila sekunde. Kokotoeni umbali wa kusimama kwa kilomita 30 na 50 kwa saa.

4. Chora ramani ya njia uipitayo kutoka nyumbani hadi shuleni. Onyesha mahali penye kivuli saa 2 asubuhi na saa 8 mchana, na kila mahali unapolazimika kushuka barabarani. Andika hatua moja ambayo halmashauri ingeweza kuichukua kwa gharama ndogo, ukieleza sababu zako.