Nani Ameipiga Simu? Kicheko cha Nyumbani na Sarufi ya Mtoto Mdogo

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aghalabu methali hii hutajwa panapozungumzwa adabu na tabia. Ni nadra kuisikia ikitajwa kuhusiana na lugha, ilhali lugha nayo hulelewa. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba maneno ya watoto wadogo yanayotuvunja mbavu majumbani si upuuzi, bali ni ushahidi wa sarufi ambayo tayari imejengeka akilini mwa mtoto. Aidha, yanatoa hoja kwamba namna tunavyokicheka kicheko hicho huweza kumpa mtoto ari ya kusema au kumfunga kinywa.

Mifano mingi inayotumika hapa inatokana na mpwa wangu, ambaye alikuwa na umri wa miaka mitatu na miezi kadhaa nilipokaa kwa dada yangu jijini Nairobi wakati wa likizo ya Disemba. Katika nyumba hiyo Kiswahili ndicho lugha ya sebuleni na jikoni. Kiingereza huja na mtoto jioni, pamoja na mkoba wake, kutoka shule ya chekechea.

Nyanya jikoni, nyanya sebuleni

Siku moja mama yetu alikuja kututembelea. Alipokuwa ameketi sebuleni akinywa chai, dada yangu alinipa kisu jikoni na kuniambia, "Kaka, hizo nyanya za kachumbari zikate nyembamba." Mpwa wangu, aliyekuwa akichezea sufuria sakafuni, aliruka akanishika suruali huku machozi yakimlengalenga: "Mjomba, usimkate nyanya!" Kisha alikimbia sebuleni kumwonya bibi wa watu atoroke.

Tulicheka hadi chai ikamwagika. Hata hivyo, mwanafunzi wa isimu hana budi kujiuliza kilichotendeka katika sentensi ile fupi. Mtoto alisikia "zikate", yenye kiambishi "-zi-" cha ngeli ya I-ZI. Yeye akajibu "usimkate", akitumia kiambishi "-m-" cha ngeli ya A-WA. Hakukariri alichokisikia. Aliposadiki kuwa anayezungumziwa ni mtu, alibadilisha upatanisho wa kisarufi ili uafikiane na maana hiyo. Alikosea maana ya nomino, lakini sarufi yake haikuwa na doa.

Tukumbuke pia kwamba Kiswahili chenyewe kimemtegea mtego. Tukisema "nyanya yangu", msikilizaji hawezi kujua iwapo tunamaanisha mzazi wa mama au tunda la sokoni, kwa kuwa majina ya ukoo ya aina hii huchukua kimilikishi sawa na kile cha I-ZI. Kitenzi ndicho kinachotegua kitendawili: "nyanya yangu ameanguka" ni habari ya kumfanya mtu akimbilie hospitali, na "nyanya yangu imeanguka" ni habari ya kumfanya ainame aiokote.

Simu inayolia

Kisa cha pili kinahusu kitenzi "piga". Dada yangu alikuwa akimtarajia mgeni, akasema, "Atanipigia simu akifika." Muda si muda simu ikaita. Mimi nikasema, "Simu inalia." Mtoto aliitazama kwa huruma, akatugeukia kwa ukali: "Nani ameipiga?"

Hoja ya mtoto huyu ni timilifu. Katika maisha yake anayepigwa hulia. Simu imepigwa, simu inalia, basi yupo aliyefanya uovu. Yaliyomtatiza ni matumizi ya "piga" ambayo sisi hatuyaoni tena kwa sababu tumeyazoea. Kwa Kiswahili tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga hodi na tunapiga magoti. Katika miundo hii kitenzi kimepoteza sehemu kubwa ya maana yake ya asili, na nomino inayofuata ndiyo inayobeba uzito wa tendo. Mtoto hajui bado kwamba maneno hayo mawili yamekuwa kitu kimoja. Anayachambua moja moja, kama afanyavyo mwanaisimu mezani pake. Juma lililofuata, alipoona nguo zikipigwa pasi, aliuliza zimekosa nini.

Ziwa moja na taa ya kuzimua

Asubuhi moja kikombe chake kilikuwa kimebakiwa na maziwa kidogo. Alimnyoshea mama yake kikombe na kuomba: "Niongeze ziwa moja tu." Babake, bila kuinua macho kwenye gazeti, aliuliza, "Lipi, la Naivasha au la Nakuru?"

Mtoto alikuwa amefuata kanuni. Kama "macho" yana "jicho", na "mayai" yana "yai", basi "maziwa" nayo lazima yawe na "ziwa". Hakujua kwamba nomino za ngeli ya YA-YA, kama vile maji, mafuta na maziwa, hazina umoja wa kawaida. Lakini tusiharakishe kumhukumu. Neno "ziwa" katika Kiswahili halina maana ya mkusanyiko wa maji pekee. Lina pia maana ya titi. Anayesema "maziwa" akimaanisha kinywaji anatumia neno lililo na nasaba moja na ziwa la mama. Kwa hiyo mtoto alikuwa karibu na historia ya neno hilo kuliko babake aliyemcheka.

Usiku huohuo alitaka taa iwashwe. Alisema, "Mama, zimua taa." Alikuwa ametambua kwamba Kiswahili kina kauli ya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, tega na tegua. Ikiwa taa imezimwa, anayetaka kulitangua tendo hilo atasema nini ila "zimua"? Kwa bahati, neno "zimua" lipo katika Kiswahili, ila lina maana ya kupunguza ukali wa kitu, kwa mfano kwa kukitia maji. Mtoto aliliunda upya kwa kanuni halali, bila kujua kwamba kiti hicho kilikuwa na mwenyewe.

Kifaru kilicholala

Tulipomtembeza katika Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, alimwona kifaru kwa mbali, akapaza sauti: "Kifaru kile kimelala!" Abiria mmoja ndani ya gari alisema, "Kumbe jeshi limeingia mbugani." Mzaha wake ulikuwa na msingi. Kifaru mnyama huchukua upatanisho wa A-WA, ilhali kifaru cha vita huchukua wa KI-VI. Hali kadhalika, kiboko wa mtoni "amelala", na kiboko cha kuchapia "kimevunjika".

Kosa hili linatufunza kwamba katika Kiswahili umbo la nomino na upatanisho wake huweza kukinzana. Kifaru, kiboko, kipepeo na kiziwi yana umbo la KI-VI, lakini uhai wa vinavyotajwa unayavuta kwenye A-WA. Mtoto alifuata umbo. Sisi watu wazima hufuata uhai. Na hata sisi tuna historia ya kufuata umbo. Neno "kitabu" lilitoka katika Kiarabu, na humo "ki" si kiambishi bali ni sehemu ya mzizi. Wingi wake katika Kiarabu ni "kutub". Waswahili walisikia "ki", wakaunda "vitabu". Vivyo hivyo, neno "kipilefti", lililozoeleka zaidi nchini Tanzania, lilitokana na agizo la Kiingereza linalowataka madereva wakae kushoto. Wingi wake ni "vipilefti". Mtoto akifanya hivyo tunaita kosa. Jamii nzima ikifanya hivyo tunaita utohozi, na tunaandika katika kamusi.

Wataalamu wanasemaje?

Katika kitabu chake cha mwaka wa 1957, B. F. Skinner alieleza lugha kuwa ni tabia inayojengwa na uchochezi na tuzo kutoka kwa mazingira. Noam Chomsky aliupinga mtazamo huo katika tahakiki yake ya mwaka wa 1959. Lau mtoto angekuwa kasuku tu, asingeweza kusema "ziwa moja" kwa maana ya maziwa kidogo, maana hakuna aliyemtamkia hivyo.

Mwaka wa 1958, Jean Berko alichapisha jaribio ambalo linatajwa hadi leo. Aliwaonyesha watoto mchoro wa kiumbe cha kubuni, akakiita "wug", kisha akawaonyesha viwili na kuwataka wamalizie sentensi. Watoto waliokuwa hawajawahi kulisikia neno hilo waliweza kulitia katika wingi. Hiyo ilikuwa ithibati kwamba wanamiliki kanuni, si orodha ya maneno.

Kuhusu Kiswahili, Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka wa 2005, aliwachunguza watoto wa Nairobi na kueleza jinsi wanavyotumia au kudondosha viambishi vya nafsi na njeo. Katika lugha ya Kibantu iliyo mbali nasi, Kisotho cha Lesotho, Katherine Demuth alionyesha kwamba upatanisho wa kisarufi hujitokeza mapema, na kwamba watoto hawakosei ngeli mara nyingi kama mtu angetarajia. Ni muhimu tulizingatie jambo hili. Kwa kila "kifaru kimelala" moja, mpwa wangu alitoa sentensi chungu nzima zilizo sahihi, ambazo hakuna aliyezicheka wala kuzikumbuka.

Kicheko kinachojenga na kinachobomoa

Sasa nifikie jambo lililonisukuma kuandika. Siku ya Krismasi nyumba ilijaa wageni. Kila aliyeingia alisimuliwa kisa cha simu, kisha mtoto akaitwa katikati ya sebule: "Hebu sema, nani ameipiga?" Mara ya kwanza alisema kwa furaha. Mara ya pili alisema akitazama chini. Mara ya nne alijificha nyuma ya pazia. Nakiri kwamba mimi ndiye niliyemwita mara ya nne.

Kwa siku kadhaa baadaye hakuomba maziwa kwa maneno; alinyosha kidole. Alipolazimika kusema, alitumia maneno machache ya Kiingereza aliyoyapata shuleni. Hapo ndipo nilipotambua hatari yake. Mtoto wa mjini ana lugha nyingine ya kukimbilia. Lugha inayomwaibisha ataiacha mlangoni, na sisi tutakuja kulalamika katika makongamano kwamba vijana hawakipendi Kiswahili.

Aliyemrejesha ni nyanya yake. Simu ilipolia, mama yule hakucheka wala hakumsahihisha. Alimwambia, "Mjukuu wangu, simu inalia kwa sababu mjomba wako mkubwa ametupigia. Hebu tuipokee tumsikie." Mtoto alifikiri kidogo, akauliza, "Ametupigia, hakutupiga?" Nyanya akajibu, "Ndiyo, ametupigia." Kwa maneno hayo machache mtoto alijifunza tofauti ya kauli ya kutenda na ya kutendea ambayo mimi nilikuja kuijua kwa jina nilipokuwa kidato cha kwanza. Aliichukua simu, akaanza kuongea.

Roger Brown na Camille Hanlon, katika utafiti wao wa mwaka wa 1970, waliona kwamba wazazi huziidhinisha kauli za watoto kwa kuangalia ukweli wake zaidi kuliko usahihi wake wa kisarufi. Hata hivyo watoto hao huishia kusema lugha kwa usahihi. Kwa mtazamo wangu, hili linatupunguzia mzigo. Hatuhitaji kuwa walimu wakali mezani. Mtoto akisema "Kifaru kile kimelala", inatosha mkubwa kuitikia, "Naam, kifaru yule amelala, labda amechoka." Umbo sahihi limesikika, mazungumzo yanaendelea, na heshima ya mtoto haikuguswa. Kucheka si dhambi. Nyumba isiyo na kicheko ni gofu. Tucheke neno, na tumjibu mtoto.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba nyumba yenye mtoto mdogo ni maabara ya isimu isiyohitaji ufadhili. Ndani yake mna upatanisho, utohozi, kauli za kitenzi na semantiki, vyote kabla ya kiamsha kinywa. Wanachama wenzangu wanaotafuta mada za utafiti waanzie huko, mradi wawe na idhini ya wazazi na wamwache mtoto aseme kwa hiari yake.

Zoezi

1. Chora kitu kisicho na uhai, ukiite "kibemo". Mwambie mtoto: "Hiki ni kibemo. Sasa viko viwili. Hivi ni...?" Andika jibu lake.

2. Kichoree kibemo macho na miguu, kisha umwombe mtoto aeleze kinachotendeka kibemo hicho kinapokimbia. Je, anasema "anakimbia" au "kinakimbia"? Jadili iwapo amefuata umbo au uhai.

3. Kwa juma moja, weka daftari mbili. Katika ya kwanza andika kila kauli ya mtoto iliyowachekesha watu wa nyumbani. Katika ya pili andika kauli zake sahihi zilizopita bila kutajwa. Linganisha unene wa daftari hizo.