Usinunue Jina, Nunua Shingo

Wadogo zangu mnaopiga gitaa kanisani, kwenye bendi za harusi na vyumbani mwenu, swali lenu kubwa nimelipata: "Dada, naitaka Stratocaster, ila bei yake siiwezi. Nifanyeje?" Leo tuliongee vizuri, maana nawaona wengine mmeanza kukata tamaa na wengine mnawaza mkopo. Mkopo wa gitaa la kwanza siuungi mkono hata kidogo. Gitaa zuri lililotumika lipo, ila lazima ujue pa kutazama.

Tuanze na kile mnachokipenda. Stratocaster ilitoka mwaka 1954, kazi ya Leo Fender na wenzake huko Fullerton, California. Leo hakuwa mpiga gitaa, alikuwa fundi redio, na gitaa lake lina akili ya fundi. Shingo imefungwa mwilini kwa skrubu. Zile sumaku tatu zinazonasa mtetemo wa nyuzi, yaani pikapu, zimeshikizwa pamoja na swichi kwenye bamba moja la plastiki linalofunguka kwa bisibisi. Kitu kikifa, unakitoa na kuweka kingine. Nafuu yenu iko hapo hapo: gitaa la mtindo huu, hata likiwa la bei ndogo, linatengenezeka. Kilicho ghali na kigumu kupata badala yake ni shingo. Kwa hiyo pesa yako inunue shingo nzuri kwanza, mengine yatafuata.

Sasa majina ya kutafuta. La kwanza ni Squier, chapa ya kampuni ya Fender yenyewe kwa ajili ya mifuko ya kawaida. Magitaa hayo yalianza mwaka 1982 huko Japani, na yale ya mwanzo leo yanawindwa na wakusanyaji, kwa hiyo hayo tuwaachie wao. Wewe tafuta toleo lao la Classic Vibe. Kama haipatikani, Affinity. Ila ukichukua Affinity, kumbuka nyingi zina mwili mwembamba kuliko Fender yenyewe, hivyo usinunue kipuri kabla ya kukipima.

La pili ni Yamaha Pacifica 112. Hii si nakala, ni ndugu. Pikapu yake ya karibu na daraja ina koili mbili, kwa hiyo sauti ya hapo ni nene na haivumi sana. Kama unapigia kwenye kumbi ambazo umeme wake unanguruma kwenye spika, hiyo ni faida kubwa. Na kama mfuko unaruhusu kupanda kidogo, ulizia Fender za Mexico, zinazotengenezwa Ensenada. Zile zilizoitwa Standard ziliachwa mwaka 2018 lilipokuja toleo la Player, na Standard nzuri iliyotumika ni gitaa la kukaa nalo miaka mingi.

Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Gitaa lililotumika litakuwa na ila, na kazi yako ni kujua ipi ya kuvumilia na ipi ya kukimbia. Mikwaruzo, rangi iliyobanduka, kitufe kilichopotea: vumilia, tena viombee punguzo. Vitufe vya sauti vikikwaruza ukivizungusha, mara nyingi ni vumbi tu.

Shingo usiionee aibu. Bonyeza uzi mmoja kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama katikati. Uzi unatakiwa uachane na freti kidogo sana. Pengo likiwa kubwa, au uzi ukilala juu ya freti, mara nyingi fundi hurekebisha kwa kukaza au kulegeza chuma kilichomo ndani ya shingo. Muulize muuzaji kama chuma hicho bado kinazunguka. Kama kimekwama, aga uondoke. Ukiona shingo imejisokota, usisubiri hata maelezo. Halafu piga kila uzi, freti moja baada ya nyingine, taratibu. Freti zilizochimbika sana ni gharama ya fundi, na gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei.

Kisha chomeka kwenye amplifaya. Pitisha swichi nafasi zote tano, na gusa kila pikapu kwa ncha ya bisibisi, iliyo hai italia "to!" kwenye spika. Walioko Mombasa, Dar na Zanzibar, kagueni pia vile viskrubu vidogo vya darajani, maana hewa ya chumvi hula chuma, na kilichoshikwa na kutu hakikubali kurekebishwa.

Jihadharini na jina lililobandikwa. Nembo ya kichwani ni stika nyembamba tu, mtu yeyote anaweza kuipachika. Ukiuziwa "Fender" kwa bei ya Squier, omba picha ya namba ya kiwandani na ya kisigino cha shingo, pale inapoingia mwilini. Muuzaji akianza kukuharakisha, jibu umelipata. Squier inayosema ukweli ni bora kuliko Fender ya uongo.

Mwisho, msimalize pesa yote kwenye gitaa. Tengeni ya nyuzi mpya, ya fundi wa kuliweka sawa, na ya amplifaya ya kueleweka. Gitaa la bei ndogo lililowekwa sawa linapigika kuliko la bei kubwa ambalo nyuzi zake zimekaa juu na halishiki tyuni. Kama hujiamini kukagua, nenda na mpigaji mzoefu wa bendi ya mtaani kwenu, mlipie nauli na soda. Chukua gitaa ambalo vidole vyako vinalifurahia, kisha lipige kila siku.

Dada yenu anayewapenda.