Magonjwa Yakaayo Mwilini na Mazoea Yetu ya Kila Siku

Masomo: 1 Wakorintho 6:19–20, Danieli 1:8–16, Yohana 9:1–3

Kila mkulima wa Bariadi aijua kazi imngojayo baada ya mavuno ya pamba. Pamba imekwisha kuchumwa, fedha imekwisha kupatikana, naye amechoka. Walakini hana budi kurudi shambani, kuing'oa miti ya pamba na kuichoma moto. Kwa nini? Kwa sababu wadudu hukaa katika masalia yale wakingojea msimu mwingine. Mtu aiachaye miti yake imesimama haoni hasara siku ile, wala mwezi ule. Hasara yake huja mwaka wa pili.

Mwezi huu twataka kujifunza habari za magonjwa yenye tabia kama hiyo. Huanza kwa mambo madogo ya kila siku, nayo huzuiwa kwa mambo madogo ya kila siku.

Kwanza: Magonjwa haya ni yapi?

Ni shinikizo la damu, ambalo watu huliita presha. Tena kisukari, magonjwa ya moyo, kiharusi, na saratani. Hayaambukizi kama kifua kikuu au kipindupindu. Huja polepole, hukaa miaka mingi, na mara nyingi hayana maumivu mwanzoni. Mtu mwenye presha aweza kulima, kuimba katika kwaya na kula vizuri, kumbe mishipa yake yaumia. Halafu siku moja aanguka, upande mmoja wa mwili umepooza, kinywa kimepinda.

Hapo ndipo watu huuliza, Ni nani aliyemroga? Zamani wengi walidhani kiharusi ni pepo ampigaye mtu, na hata leo wako Wakristo wampelekao mgonjwa kwa mganga usiku, wakizipoteza saa zile ambazo hospitali ingaliweza kumsaidia. Ndugu, si mchawi. Ni mshipa wa damu ulioziba au kupasuka katika ubongo, na mara nyingi chanzo chake ni presha iliyokaa miaka mingi bila kutibiwa.

Pili: Je, ni magonjwa ya uzee tu?

Wako wasemao kwamba presha ni jambo la uzee, haizuiliki. Basi sikieni habari za watu wa ziwa letu. Mwaka 1929 daktari mmoja, jina lake Donnison, alitoa habari katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet. Alikuwa amefanya kazi katika hospitali ya Kavirondo ya Kusini nchini Kenya, mashariki ya Ziwa Victoria. Katika muda wa miaka kama miwili wagonjwa wapatao 1,800 waliingia hospitalini mwake, wala hakumwona hata mmoja mwenye presha iliyopanda. Akawapima pia watu wazima wapatao 1,000, akaona ya kuwa kwa watu waliopita miaka 40 presha haikuendelea kupanda.

Baadaye wataalamu waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini kando ya ziwa lile lile wakahamia Nairobi; habari zao zilitolewa mwaka 1990. Presha ya wale waliohama ilipanda kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani, tena baada ya miezi michache tu. Damu yao haikubadilika, wala ukoo wao. Kilichobadilika ni maisha: walikula chumvi nyingi zaidi, na uzito wao ukaongezeka.

Tena tunao jirani zetu Wahadzabe, ambao baadhi yao wakaa katika wilaya ya Meatu, mkoani mwetu Simiyu. Wataalamu waliowapima waliona ya kuwa kila siku hutumia zaidi ya saa mbili katika mwendo na kazi ziuharakishazo moyo, na presha iliyopanda ni chache kati yao.

Hatusemi kwamba siku za zamani zilikuwa njema katika mambo yote. Watoto wengi walikufa kwa surua na malaria, na wamama katika uzazi. Lakini twajifunza ya kuwa miaka peke yake haileti presha. Mazoea huileta. Katika upimaji wa nchi yetu wa mwaka 2012, karibu robo ya watu wenye miaka 25 hata 64 walionekana kuwa na presha iliyopanda.

Tatu: Mazoea yatupasayo kuyaangalia

Chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika chakula chote. Basi kopo la chumvi lisikae mezani. Haba na haba hujaza kibaba.

Sukari na mafuta. Chupa moja ya soda ina sukari ipatayo vijiko vinane vya chai. Msimu wa pamba ukifunguliwa, soda hunywewa kama maji. Nasi wachungaji tusijifiche: tukizuru mtaa, mama zetu hutuwekea wali, nyama yenye mafuta, na soda mbili, nasi twala ili tusiwavunje moyo. Heri tuwaambie kwa upole kwamba michembe na karanga, ugali wa uwele au mtama, mlenda na nsansa ni heshima ya kutosha. Danieli na wenzake waliomba mboga na maji katika nyumba ya mfalme, wala hawakuona haya.

Mwendo. Shirika lile lasema mtu mzima afanye angalau dakika 150 kwa juma za mwendo wa haraka au kazi inayofanana nao. Mwenye jembe ametimiza wakati wa kulima. Lakini wakati wa kiangazi wengi hukaa tu, na hata safari fupi ya gulioni huitiwa bodaboda. Mwenye miguu mizima na atembee.

Tumbako na pombe. Tumbako huharibu moyo, mishipa na mapafu, na ugoro nao huleta saratani ya kinywa. Pombe hupandisha presha.

Kupimwa. Presha haijulikani kwa kuhisi. Ikionekana kuwa 140 juu au 90 chini, tena kwa kupimwa zaidi ya siku moja, yataka matunzo ya mganga wa hospitali. Na mtu mwenye kiu nyingi, mkojo mwingi, na kukonda bila sababu, apimwe sukari upesi.

Nne: Imani na dawa

Hapa yatupasa kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tulimwombea mzee mmoja aliyekuwa akitumia vidonge vya presha. Tulihubiri kwa nguvu kwamba Bwana aponya, wala hatukusema neno moja juu ya vidonge. Akajiona mzima, akaviacha, asirudi kupimwa. Kabla ya mavuno alipatwa na kiharusi, nasi tukamzika. Hatukumwambia aviache, lakini hatukumwambia aendelee navyo.

Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, Martin Luther alibaki mjini akiwatunza wagonjwa. Akaandika pia juu ya watu waliodharau dawa, akiwafundisha ya kuwa huko ni kumjaribu Mungu, wala si kumtumaini. Na Katekismo Ndogo, katika amri ya tano, yatufundisha kumsaidia jirani katika mahitaji ya mwili wake. Kwa hiyo mwinjilisti amwombeaye mgonjwa, na amwulize pia, Je, umemeza dawa leo?

Walakini tusimhukumu mgonjwa. Wako watoto wapatao kisukari bila kosa lolote, na wako watu wenye kiasi ambao huugua kwa sababu ya ukoo. Wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Bwana hakukubali neno lao.

Miili yetu si mali yetu. Imenunuliwa kwa thamani. Tuitunze kama mkulima alitunzavyo shamba la bwana wake, akiichoma miti ya pamba iliyokauka kabla ya mvua.

Maswali ya kuzungumza katika nyumba na mitaa

1. Ni mazoea gani ya wazee wetu yaliyowalinda, nasi tumeyaacha?
2. Tukiwakaribisha wageni wa usharika, tuwaandalie nini?
3. Je, tunaye mtu mtaani aliyeacha dawa zake? Nani atakwenda kumwona juma hili?
4. Ni lini wazee wa kanisa na wainjilisti wote watakwenda zahanati kupimwa, ili washarika wawafuate?