Gari linakula mafuta: je, ni sensa ya oksijeni?

Swali: Gari langu la petroli linakula mafuta kupita kawaida, ekzosi inatoa moshi mweusi na taa ya injini haizimi. Fundi anataka abadilishe sensa ya oksijeni. Nikubali?

Jibu: Mwambie apime kwanza. Injini ikishapata moto, volti za sensa ya kawaida ya mbele hupanda na kushuka haraka kati ya 0.1 na 0.9. Zikiganda chini, kompyuta ya gari hudhani petroli ni kidogo, nayo huongeza. Lakini ekzosi iliyotoboka kabla ya sensa huvuta hewa ya nje na kuidanganya kompyuta vilevile. Waya uliokatika pia. Msimbo P0131 (volti za sensa ziko chini) kwenye mashine ya kusoma hitilafu hautoshi kuihukumu sensa. Usinunue mpya kabla hayo hayajakaguliwa.